Amitrazi ya 12.5% kwa mbwa: dawa nzuri, lebo ya ng'ombe

Ulizia dawa ya kupe wa mbwa kwenye maduka ya mifugo Dodoma mjini, na mara nyingi utapewa kichupa cha amitrazi ya 12.5%, ileile wanayoogeshea ng'ombe huko Bahi na Kongwa. Kwa kupe haina mchezo: wanalegea na kuachia ngozi. Kasoro yake ni lebo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wameelezwa vizuri. Mbwa, kama katajwa, kapewa mstari mmoja wenye herufi za sisimizi.

Kipimo chake ni 2 ml kwa lita 1 ya maji. Mbwa wa kilo 15 hadi 20 anatoshwa na lita 5, yaani 10 ml za dawa, hivyo chupa ya 100 ml inaogesha mara kumi. Pima kwa sirinji. Kizibo cha soda, kipimo kipendwacho na wauzaji wetu, hakina ujazo unaoaminika. Tangulia maji, fuatisha dawa, koroga: mchanganyiko lazima uwe mweupe kama maziwa. Ukiona mafuta yanaelea au mashapo yametuama, dawa imeharibika, na usishangae ikiwa chupa ilikuwa imeanikwa dirishani kwenye jua hili la Dodoma.

Mwogeshe mbwa kwanza kwa sabuni na umfute maji. Vaa glavu, mpake mafuta ya mgando kuzunguka macho, kisha tumia sponji mpaka dawa ifike kwenye ngozi. Usiruke nyuma ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Huko ndiko kupe hujibanza. Usimsuuze. Mfunge kivulini hadi akauke, asijilambe wala kunywa ya kwenye ndoo. Fanya asubuhi, hasa Juni na Julai, maana dawa hii hushusha joto la mwili na upepo wa jioni unaongezea. Rudia baada ya siku 14. Iliyobaki kwenye ndoo usiiweke kwa ajili ya wiki ijayo, hata kama maji ni ya mgao.

Wengi wanaolalamika kwamba "dawa ni feki" wameogesha mbwa wakasahau banda. Kupe wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za matofali na chini ya magunia, na ukame wa kwetu haumtishi. Choma magunia, ziba nyufa, pulizia banda siku hiyohiyo na mbwa asirudi ndani mpaka likauke. Na mbwa ambaye tayari ana homa, fizi nyeupe au anatoka damu puani, hilo si la kuogesha. Apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe damu.

Dawa ikizidi, mbwa husinzia, hupepesuka, hutapika na mapigo ya moyo hupungua. Mwoshe kwa sabuni, mfunike apate joto, mkimbize kwa daktari. Kama ameinywa, usimtapishe: ina kiyeyushi cha petroli, kikiingia mapafuni ni balaa jingine. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne, majike wenye mimba na mbwa wenye kisukari wasiguswe nayo.

Paka ni marufuku, na asilale na mbwa ambaye bado amelowa. Muuzaji akikupa mbadala wenye sipamethrini au pamethrini "hii ndiyo ya paka", iache dukani: ini la paka haliwezi kuivunja, ataanza kutetemeka na kupata degedege. Kwa paka, chanuo la meno membamba na beseni la maji ya sabuni vinafanya kazi kubwa. Ukitaka dawa, ya matone ya fiproni yenye picha ya paka kwenye pakiti, kwa uzito wake.

Punda naye asiogeshwe kwa masalia ya ndoo. Amitrazi husimamisha utumbo wa jamii ya farasi, na wengine hufa.

Mwenye shida ya viroboto peke yake asinunue. Kwao ni dhaifu mno.