Rungu la nyota la Wainka, toleo la Kariobangi: kichwa kizuri, mpini wa kubahatisha

Karakana moja ya Kariobangi Light Industries, Nairobi, inauza kwa shilingi 6,500 nakala ya rungu lenye kichwa cha nyota la Wainka, watu waliotawala Peru kabla ya Wahispania. Wateja wake ni vikundi vya maigizo, wapambaji wa hoteli na wakusanyaji wa silaha za kale.

Kichwa kwanza, maana ndicho kilichofanywa kwa akili. Kina ncha sita, sentimita 11 kutoka ncha hadi ncha, gramu 580, na tundu la milimita 26 katikati. Francisco de Jerez, katibu wa Pizarro, Mhispania aliyewashinda Wainka, alikuwepo Cajamarca, Peru, mwaka 1532; anaeleza kichwa cha metali chenye ukubwa wa ngumi, ncha tano au sita kali, kila moja nene kama kidole gumba. Hiki kinakaribia sana. Ncha hazikuchongwa kali kama misumari, na ni sawa: silaha hii ilikuwa ya kuvunja mfupa, si ya kuchoma.

Kasoro kubwa ya umbo iko chini ya kichwa. Mpini una sentimita 40 tu, kwa hiyo ulichonunua ni rungu la Kimaasai lililovishwa nyota. Jerez anasema hizi zilipigwa kwa mikono miwili, mpini ukiwa mrefu na mnene kama mkuki. Kwa urefu huu mkono wa pili unakosa pa kushika.

Namna ya kuufunga ndiyo mbaya zaidi. Tundu limenyooka, mpini umechomekwa kutoka chini, kisha gundi na msumari mmoja. Mti wenyewe haujakauka. Ukikauka utanywea, gundi itaachia, na gramu 580 zitaruka kuelekea safu ya mbele ya watazamaji. Dawa yake kila mkulima anaijua: mpini wa jembe. Acha ncha ya juu iwe nene, milimita 30 hivi, upitishe mpini kutoka juu kushuka chini, kichwa kikwame chenyewe. Kadiri unavyozungusha ndivyo kinavyokaza. Mti mkavu wa mzeituni pori unafaa. Wainka wa milima ya Andes walikuwa na mti mgumu wa jamii ya mitende uitwao chonta.

Sasa metali. Muuzaji anaapa ni bronzi. Piga tupa kidogo ndani ya tundu, mahali pasipoonekana: rangi inatoka njano ya mfereji wa maji. Hiyo ni brasi, yaani shaba na zinki, na bila shaka imetokana na mifereji na vali kuukuu. Wainka walichanganya shaba na bati (madini ya bati, si mabati ya paa), mara nyingi bati likiwa karibu asilimia 5, na rangi yake huelekea wekundu wa dhahabu. Usihangaike kupima kwa maji na mizani ya jikoni. Bronzi ina takriban gramu 8.8 kwa kila sentimita ya ujazo na brasi 8.5, kwa kichwa hiki tofauti ni mililita mbili, na vishimo vya hewa vinatosha kukudanganya.

Vishimo vyenyewe vipo, kwenye shina la ncha mbili. Sababu huwa ni kalibu (umbo la kumiminia metali) yenye unyevu, au metali iliyochemshwa kupita kiasi ikameza gesi. Kwa pambo la ukutani havina neno. Kwa kupigia ngao jukwaani, hapo ndipo ncha itakatika.

Agiza upya na uwe mkali kuhusu mchanganyiko: gramu 950 za shaba ya nyaya zilizomenywa, gramu 50 za bati. Waya wa kulehemu usio na risasi ni karibu bati tupu, unapatikana madukani mwa vifaa vya elektroniki. Soma kibandiko, kwa sababu ule wa kawaida una risasi nyingi. Shaba iyeyuke kwanza, nyuzi 1,085, bati litiwe mwishoni lisiungue, koroga, mimina bila kuchelewa. Kalibu ikaushwe motoni hadi iwe moto. Kilo moja inatosha kichwa pamoja na mfereji wa kumiminia. Faida nyingine ni ya fundi mwenyewe, kwa kuwa mchanganyiko huu hauna zinki: zinki huchemka kwa nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka, na ule moshi mweupe humlaza mtu na homa usiku.

Karatasi inayofungiwa bidhaa inasema Wamoche nao walitumia nyota hii hii. Hilo ni la kutiliwa shaka. Rungu la kawaida la Wamoche, walioishi pwani ya kaskazini ya Peru karne nyingi kabla ya Wainka, lilikuwa na kichwa cha umbo la pia ya kuchezea, na kwenye vyungu vyao linaonekana vitani na kwenye picha za mateka wanaopelekwa kutolewa kafara. Kwa Wainka heshima ilionekana kwenye metali: makapteni walibeba marungu ya dhahabu na fedha. Anayetaka kupaka rangi ya dhahabu ana hoja, ila si kwa kila askari jukwaani.

Kichwa peke yake wanakitoa kwa shilingi 4,000 ukiomba. Chukua hicho, mpini umpe seremala, na ukipanda matatu ukifunge ndani ya gunia.