Kampuni iliyokuja kukagua umeme na taka za jengo letu: nawapa nyota tatu na nusu

Mi ni msimamizi wa jengo, ghorofa saba, juu kote ni ofisi na chini kuna maduka na mgahawa mmoja. Mwenye jengo siku moja aliniita akaniwekea bili ya umeme mezani, hakusema kitu, akawa ananiangalia tu. Kule kuangaliwa ndo kulinifanya nitafute hawa jamaa wanaokagua umeme na taka kwa pamoja. Jina la kampuni sitaji maana nina mazuri yao na nina madudu yao, na mkataba bado tunao.

Siku ya kwanza nilitegemea kuona vijana na laptop. Wakaja watatu wamebeba turubai, glavu ndefu na mzani wa kuning'iniza. Wakaomba taka zote za siku moja za jengo zima, zisiondoke, alafu wakatandika turubai pakingi wakamwaga kila kitu. Yani nilitaka kuzama ardhini, wapangaji wanapita na magari yao wanachungulia. Lakini aisee, kama kuna kitu kimoja nilicholipia kihalali kwenye huduma hii nzima ni yale masaa matatu ya turubai.

Sisi tulikuwa na mapipa ya bluu ya karatasi miaka miwili na nilikuwa najisifu nayo kwenye vikao. Wakapima. Zaidi ya nusu ya uzito wa zile tulizoziita taka za kawaida ilikuwa ni karatasi na maboksi, na kwenye pipa letu la bluu lenyewe, lile la kujisifia, kulikuwa na majani ya chai, tishu za mkononi zilizoloa, mabaki ya chakula na kiatu kimoja. Kiatu cha kushoto. Mpaka leo hakuna aliyekuja kukidai. Kijana mmoja akachukua rundo la karatasi nzuri kabisa, nyeupe, katikati kumemwagikiwa mchuzi, akaniambia hii yote imekwenda, karatasi ikishaingia mafuta hakuna kiwanda kinaitaka, na chakula kidogo tu kinaharibu mfuko mzima.

Pembeni alikuwa amesimama mama anayeongoza usafi hapo jengoni, yupo kabla yangu. Nikamuuliza, mama, hili ulikuwa unalijua? Akanijibu taratibu, "Mwanangu, nani aliwahi kuniuliza?" Sikuwa na la kusema.

Kumbe tatizo halikuwa ukaidi wa watu. Pipa la karatasi lilikuwa moja kila ghorofa, karibu na mashine ya kuprinti, na kila meza ilikuwa na kapipa kake chini. Sasa mtu aliyekaa dirishani anyanyuke atembee na kikaratasi wakati kapipa kapo miguuni kwake? Na pale penye pipa la karatasi hakukuwa na pipa lingine, kwaiyo aliyesimama hapo na kikombe cha chai mkononi alitumbukiza humo humo. Walichofanya ni rahisi mpaka inaudhi: wakaondoa vipipa vyote vya chini ya meza, wakaweka mapipa yakiwa mawili mawili au matatu pamoja, hakuna pipa linalokaa peke yake popote, na mifuniko ikatobolewa, la karatasi lina mwanya mwembamba kama sanduku la kura, la chupa na makopo lina tundu la duara, la taka zingine liko wazi. Mkono wenyewe unasita kabla hujasoma maandishi. Mifuko nayo ikawa ya kuona ndani badala ya myeusi, ili mama na wenzake wajue wamebeba nini bila kufungua. Wiki mbili za kwanza nililaumiwa sana kuhusu vile vipipa, kuna mhasibu wa ghorofa ya nne alificha chake kwenye kabati, baadae wakazoea.

Alafu likaja dudu la kwanza. Tumetenganisha miezi miwili, safi kabisa, mama usafi akaja ofisini akafunga mlango akasema, "Lile lori linachanganya." Nikashuka asubuhi yake kuangalia kwa macho yangu na kweli, mifuko ya karatasi, ya chupa na ya mabaki ya chakula yote inaingia tumbo moja na inabanwa pamoja. Miezi miwili ya kuwasumbua watu bure! Mbeba taka ni mtu mwingine, sio wao, nakubali, lakini wewe unanifundisha kutenganisha taka alafu hujawahi kumuuliza anayezichukua anazipeleka wapi? Hilo ndo swali la kwanza kabisa, kabla hata ya kununua pipa. Nikawabana wakatafuta mchukuzi wa karatasi na makopo peke yake, anakuja mara mbili kwa wiki, anapima na kutuachia karatasi ya uzito. Makopo ya alumini ndo anayagombania zaidi na nikaelewa kwanini, kuyeyusha kopo la zamani kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini.

Haya, umeme. Hapa walifunga vifaa vya kurekodi kwenye swichibodi kuu na kwenye laini ya kila ghorofa, wakaviacha wiki nzima ikiwemo wikendi. Walipoleta grafu mi niliangalia ile milima ya mchana, nikaanza kutetea viyoyozi na lifti. Jamaa akaweka kidole chini kabisa, jumapili saa nane usiku. Jengo halina mtu zaidi ya mlinzi, na bado tunakula karibu theluthi ya umeme wa saa tano asubuhi. Theluthi! Ya nini? Tukapanga tukaja usiku kweli, mi, fundi wetu wa umeme na huyo kijana na klampmita yake, kile kifaa cha kubana waya kupima umeme unaopita, tukawa tunatembea gizani tunasikiliza. Ni kitu cha ajabu kusikiliza jengo usiku. Feni za kutoa hewa vyooni zinazunguka ghorofa zote saba. Feni kubwa ya pakingi inanguruma inatoa moshi wa magari ambayo hayapo. Mashine za maji kumi na kitu zinachemsha na kupoza maji ya watu waliolala makwao. Chumba cha mikutano cha ghorofa ya tano kiyoyozi kiko 18, kumetulia kama mochwari.

Dawa ya usiku ilikuwa taima, yani saa ya kuwasha na kuzima, na kontakta, yani swichi kubwa inayofuata amri ya taima, basi. Hakuna teknolojia ya maana hapo, fundi wetu mwenyewe alifunga nyingi ndani ya siku nne. Na ile feni ya pakingi wakaifungia invata ya kupunguza spidi ikiunganishwa na sensa ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi wa magari, gari zikiwa chache inazunguka polepole. Hapa ndo nilijifunza kitu kilichonifurahisha sana, feni ukiipunguza spidi mpaka asilimia 80 umeme haupungui kwa asilimia 20, unashuka mpaka karibu nusu, maana hesabu yake ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, unapata 0.512. Nilimhesabia mwenye jengo kwenye kalkuleta ya simu akatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Na hili la viyoyozi niliseme maana naona kila jengo lina ugonjwa huu. Mtu akiingia kwenye joto anaweka 18 akidhani chumba kitapoa haraka kuliko akiweka 24. Kwa viyoyozi vingi vya kawaida hakipoi haraka, mashine inafanya kazi kwa nguvu ile ile, tofauti ni kwamba hapo kwenye 24 haitasimama, itaendelea mpaka watu wavae masweta. Ofisi moja nilikuta kiyoyozi 18 na hita ndogo ya umeme chini ya meza, vinapigana.

Muuzaji wao alikuwa hachoki kututajia Empire State Building ya New York, jinsi walivyolenga kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38. Nikawa namcheka, sisi na Empire State wapi na wapi bwana. Lakini kuna kipande kimoja cha ile stori kilinikaa: kule madirisha 6,514 hawakuyatupa, waliyatoa wakayatengeneza upya humo humo ndani ya jengo, wakapunguza joto linaloingia kwanza, ndo maana hawakulazimika kununua mitambo mikubwa mipya ya kupoza. Punguza mzigo kwanza, mashine baadae. Sisi tulikuwa tumeshaomba bei ya viyoyozi vipya upande unaopigwa na jua la jioni. Tukasimamisha, tukabandika filamu ya kuzuia jua kwenye vioo na kusafisha filta, ambazo zilikuwa na vumbi nene kama blanketi, na mpaka leo vile vya zamani vinatosha.

Sasa madudu mengine. Taa. Walitubadilishia tyubu za wati 36, ambazo ukijumlisha na choki, kile kifaa kinachoiendesha tyubu, zinakula zaidi ya wati 40, wakaweka LED za 18, na mwanga ni mzuri sina neno. Ila siku ya pili nashuka pakingi nakuta mafundi waliowaleta wanarusha tyubu za zamani kwenye kontena la taka, zinapasuka paa paa paa, vumbi jeupe linapanda. Tyubu zile zina zebaki ndani! Hao ndio wamekuja kutufundisha taka! Nilipaza sauti mpaka mlinzi akaja mbio. Nikasimamisha kazi, watu wakasogezwa, zilizobaki zikarudishwa kwenye maboksi ya zile mpya zikiwa nzima na zikaenda kwa wanaoshughulika na taka hatarishi. Waliomba radhi, sawa, lakini zile zilizopasuka zimeshapasuka.

Sensa za taa za vyooni nazo. Zile za kawaida zinaona mwendo wa kitu chenye joto, na haziwezi kuona kupitia mlango wa choo. Wakafunga moja kwenye masinki ya kunawia, wakaseti taa izime baada ya dakika 3 bila mwendo. Sihitaji kueleza zaidi, nilipigiwa simu na mtu mzima mwenye heshima zake akiwa gizani ananong'ona. Tukaomba dakika 15 na sensa ya pili juu ya vyumba vyenyewe.

Pia walitaka kutuuzia kapasita za kurekebisha pawafakta, yani kipimo cha ni kiasi gani cha umeme unaouvuta kinafanya kazi kweli. Fundi wetu akafungua bili akawaonyesha kwamba sisi hatutozwi kwa kVA, yani umeme wote unaovutwa, wala kwa pawafakta, tunatozwa kwa yuniti tulizotumia. Wakakaa kimya, wakafuta kwenye ripoti. Kama jengo lako linatozwa hivyo, wasikilize, inaweza kulipa vizuri. Kama halitozwi, muulize muuzaji faida iko wapi.

Kwa kifupi cha hesabu, tukilinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita, yuniti zimeshuka karibu robo, na sehemu kubwa ni ule usiku, sio zile taa walizozisifia. Kontena la taka lilikuwa linachukuliwa kila siku, sasa siku tatu kwa wiki. Nyota moja na nusu nimekata kwa ajili ya lori na tyubu.

Mkataba nimeongeza mwaka mmoja ila nimeweka kipengele, ukaguzi wa turubai ufanyike kila miezi mitatu na mama usafi awepo na alipwe masaa hayo. Ukaguzi wa mwisho ulikuwa wiki iliyopita. Karatasi kavu, chupa zimemiminwa, na kwenye mfuko wa ghorofa ya nne, chini kabisa, kapipa ka mhasibu.