Matricula: huduma ya vitabu vya ubatizo isiyo na pa kuandika jina la babu

Anayeanza kutafuta mababu zake katika vitabu vya Kanisa Katoliki hutaka kwanza kisanduku cha kuandikia jina, abonyeze, kisha ukoo mzima ujipange mbele yake. Kwa vitabu vilivyo vingi, Matricula, tovuti yenye picha za vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, haina kisanduku hicho. Inakupa orodha ya nchi, ndani ya nchi majimbo ya Kanisa, ndani ya jimbo parokia, ndani ya parokia vitabu vilivyopangwa kwa miaka, na ndani ya kitabu picha za kurasa, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekufungulia kabati la ofisi ya paroko na kukuachia ufunguo. Wengi huondoka hapo hapo. Mimi nilibaki, na baada ya miezi kadhaa ya kuitumia naiona kuwa huduma bora kuliko zile zenye kisanduku, ingawa si kwa kila mtu wala kwa kila hatua ya utafutaji.

Huduma hii inaendeshwa na ICARUS, muungano wa kimataifa wa hifadhi za nyaraka, haitozi chochote, na haikulazimishi ujisajili ili kutazama. Vitabu vyake vingi ni vya Austria, Ujerumani, Slovenia na Luxembourg: majimbo ya Vienna, St. Pölten, Linz, Passau, Münster, Paderborn, Ljubljana na Maribor yamo, pamoja na mengine. Ambaye mababu zake hawakubatizwa katika maeneo yaliyomo hatapata kitu humo, na ni heri aitazame orodha mapema. Picha ni safi, zinakuzwa hadi doa la wino lionekane, na kila kitabu kina anwani yake ya kudumu, hivyo ulichokipata leo utaweza kumwonyesha ndugu yako mwaka ujao bila kuanza upya.

Sharti lake moja ni gumu: lazima uijue parokia. Kujua nchi hakutoshi, na hata jina la mji pengine halitoshi, kwa sababu mji mmoja ulikuwa na parokia kadhaa na kijiji kidogo kilibatiza watoto wake katika kanisa la kijiji cha jirani. Ramani iliyomo inasaidia sana, maana ukikosa katika parokia moja unaona mara moja ni zipi zinazopakana nayo. Asiyeijua parokia aanze kwa tovuti ya FamilySearch, ambayo nayo haitozi ila inataka ujisajili, na ambayo ina faharasa kubwa, yaani orodha za majina yaliyonakiliwa kutoka vitabuni. Hata hivyo asitarajie kukuta kila jimbo huko. Huduma hiyo ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2008 Vatikani iliwaelekeza maaskofu wasiikabidhi vitabu vya parokia.

Faharasa ina hatari zake, na nitaieleza kwa tukio moja. Huduma moja ya faharasa, ambayo sitaitaja, ilinipa mtoto aliyebatizwa tarehe 14 Julai, binti wa mtu aitwaye Jacobi. Nilimtafuta huyo Jacobi katika vitabu vya ndoa kwa majuma mawili bila kumpata. Nilipoufungua ukurasa wenyewe nikakuta maneno haya: «Die 14 7bris baptizavi Mariam, filiam legitimam Jacobi et Annae». Makosa mawili yalikuwa yamejificha katika mstari mmoja. Kwanza, 7bris si mwezi wa saba. Ni mkato wa Septembris, kwa kuwa septem katika Kilatini ni saba na kalenda ya kale ya Kirumi ilianza mwezi Machi. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na 10bris ni Desemba. Pili, hakukuwa na mtu aliyeitwa Jacobi. Kilatini huvisha majina mikia kulingana na kazi yake katika sentensi, na Jacobi maana yake ni «wa Jacobus», kama vile Mariam hapo ni Maria aliyebatizwa. Aliyenakili aliandika alichokiona, na sina sababu ya kumlaumu sana, lakini kosa lake liligharimu majuma mawili ambayo ukurasa wenyewe ungeyaokoa kwa dakika mbili.

Ukurasa hukupa pia yale ambayo faharasa huyaacha nje. Wasimamizi wa ubatizo, ambao katika Kilatini huitwa patrini, mara nyingi walikuwa mjomba, shangazi au jirani wa karibu, na wakirudi kwa watoto watatu mfululizo unaanza kuuona ukoo wa mama. Msalaba mdogo kando ya jina la mtoto kwa kawaida humaanisha kwamba alifariki, pengine siku chache baadaye, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu wazazi wengi walimpa mtoto aliyefuata jina lile lile. Anayesoma faharasa anawaona akina Joseph wawili wa baba mmoja, anamchukua wa kwanza kwa furaha, na kuanzia hapo anajenga ukoo juu ya mtoto ambaye hakuwahi kutembea. Kosa hili nimelikuta katika miti ya koo mingi kiasi kwamba sasa natafuta misalaba kabla ya majina.

Lakini kitu kilichonifanya niipende Matricula ni namba za nyumba. Amri ya Mtaguso wa Trento ya mwaka 1563 na kitabu cha ibada cha Papa Paulo V cha mwaka 1614 ndizo zilizoweka msingi wa vitabu hivi, na ndiyo maana rafu nyingi huanzia karne ya 17, zikiwa na sentensi za Kilatini zinazofuatana bila mstari. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II aliamuru vitabu vya himaya yake viandikwe kwa safu, na safu mojawapo ni ya namba ya nyumba. Jina la ukoo liliandikwa kama paroko alivyolisikia siku hiyo, na paroko mpya alilisikia kwa namna yake, ila nyumba namba 23 ilibaki namba 23 kwa miaka mingi mpaka kijiji kilipohesabiwa upya. Basi unaacha kulifukuza jina, unaifuata nyumba. Unapitisha jicho kwenye safu ile tu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila 23 inapotokea unasimama: mtoto, mtoto, bibi aliyefariki, arusi, mtoto wa kizazi kingine. Hakuna kisanduku cha kutafutia kinachoweza kukufanyia kazi hiyo, na jioni moja ya namna hiyo ilinipa zaidi ya nilichokipata kwa mwezi mzima wa kubonyeza majina.

Shida zipo. Katika majimbo ya Kijerumani, Kilatini kilipoachwa iliingia lugha yao kwa mwandiko wa kale uitwao Kurrent, ambao herufi yake ya e inafanana na n ya leo, na Matricula haikufundishi kuusoma. Utajifunza kwa jasho lako, na nashauri uanze na jina unalolijua tayari, ulitazame linavyoandikwa, kisha ulitumie kama ufunguo wa herufi nyingine. Baadhi ya vitabu vina faharasa zilizotengenezwa na maparoko wenyewe, nazo zimewekwa kama picha pia. Zitumie, ila angalia, kwani nyingine zimepangwa kwa jina la kwanza badala ya jina la ukoo, na akina Johann hujaza kurasa. Upekuzi wa kurasa kwa simu unachosha macho. Tumia kompyuta yenye kioo kipana.

Vitabu vya ndoa vinastahili subira ya ziada. Neno dispensatio likionekana pembeni ya ndoa, usilipite. Mara nyingi ni kibali cha kuondoa kizuizi cha ndoa, na kizuizi kimojawapo cha kawaida kilikuwa udugu wa damu. Ukisoma «in tertio gradu», bwana na bibi arusi walikuwa wa daraja la tatu kwa hesabu ya Kanisa, yaani wote wawili ni vitukuu wa mtu mmoja. Kwa maneno matatu paroko amekuonyesha mahali ambapo matawi mawili ya ukoo wako yanakutana, na kazi iliyobaki ni kuwatafuta waliokutana.

Miaka ya karibuni hutaikuta. Majimbo huficha vitabu vipya ili kulinda faragha ya walio hai, na ya ubatizo hufichwa muda mrefu kuliko ya vifo. Hapo ni lazima uiandikie ofisi ya parokia, ambayo kwa kanuni ya 535 ya sheria za Kanisa inatakiwa kuwa na vitabu vyake na kuvitunza vile vya zamani, na ambayo mara nyingi ina karani mmoja mwenye shughuli nyingine kumi. Mpe jina kamili, mwaka uliokadiriwa na majina ya wazazi, na umwombe nakala ya ukurasa wote pamoja na pambizo zake. Cheti kinachochapwa upya kinaweza kuziacha. Tangu mwaka 1908, agizo la Kanisa kuhusu ndoa liitwalo Ne Temere lilipoanza kutumika, ndoa ya mtu inatakiwa kuandikwa pia pembeni ya ubatizo wake, hata kama alifunga ndoa mbali na alipozaliwa. Niliyekuwa nikimfuata alitoweka katika vitabu vya parokia yake akiwa kijana, na katika pambizo la ubatizo wake palikuwa na mstari mmoja wa wino tofauti: tarehe, jina la mwanamke, na jina la parokia iliyo jimbo jingine kabisa. Nilirudi kwenye orodha ya Matricula, na parokia hiyo ilikuwamo.