Seti ya kolamu za kutenga RNA: uzoefu wangu na damu ya malaria, Bagamoyo

Naipa nyota nne. Ingepata tano kama kijitabu chake kisingesema hatua ya DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, ni ya hiari.

Kwa anayetafuta gametosaiti, yaani vimelea vya malaria vya hatua inayoambukiza mbu, hiari hiyo haipo. Jeni la pfs25, ambalo mRNA yake (nakala ya RNA ya jeni) ndiyo huonyesha gametosaiti, halina introni (vipande vya DNA visivyobaki kwenye mRNA), kwa hiyo huwezi kupanga praima, vipande vifupi vya kuanzishia PCR, zinazovuka introni ili DNA isisomeke. DNA iliyonasa kwenye utando wa kolamu itang'aa sawa na mRNA, na mwenye vimelea vya kawaida tu atasomeka ana gametosaiti. Mimi naweka DNase juu ya utando wenyewe, dakika 15, na kila sampuli naipa pacha asiyetiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Pacha akichomoza kwenye PCR mizunguko 7 baada ya sampuli, DNA haifiki asilimia 1 ya kilichosomwa. Akichelewa mizunguko 2 tu, ni robo nzima: rudia. Ukitaka kujua tu kama vimelea vipo, pima 18S, RNA ya ribosomu ya vimelea. Hapo DNA kidogo haikuharibii jibu.

Usiitumie seti hii kwa miRNA, yaani RNA fupi sana zinazodhibiti jeni. Maelekezo yanataka ethanoli ya asilimia 70 kwa ujazo ulio sawa na wa sampuli, yaani mchanganyiko unabaki na asilimia 35, na RNA fupi chini ya nyukleotidi 200 hivi zinapita na kumwagwa na maji machafu. Ujazo mmoja na nusu wa ethanoli kavu huzishika, lakini nunua tu seti ya kazi hiyo.

Damu ndiyo mtihani. Maikrolita 100 zinatosha. Ukizidisha, kolamu inaziba. Tazama utando baada ya bafa ya kwanza ya kuoshea: ukiwa na rangi ya kutu, hemoglobini bado ipo, osha tena. Ukipima usafi kwa mwanga, uwiano wa 260/280 (nanomita) ukiwa karibu na 2.0 huku 260/230 iko chini ya 1, hiyo ni chumvi ya guanidini iliyotoka kwenye bafa, na mara nyingi imejificha chini ya mfuniko. Funga, pindua tyubu mara mbili tatu ukiwa na bafa ya ethanoli ndani, ndipo uzungushe. Halafu zungusha kolamu tupu dakika moja kwenye tyubu mpya. Usipofanya hivyo ethanoli inabaki, na ukipakia kwenye jeli sampuli inaelea na kutoka kishimoni.

Umeme ukikatika, sampuli iliyo kwenye bafa ya kuvunjia seli haina shida, guanidini imeshazima RNase, vimeng'enya vinavyoharibu RNA. Iliyokwisha kutolewa kwa maji haina ulinzi wowote kwenye joto hili: barafu mara moja, kisha nyuzi 80 chini ya sifuri. Na jasho la huku halichezewi, badilisha glavu kila unapofuta uso.

Mabaki ya bafa ya kuvunjia seli na ya kuoshea ya kwanza kamwe usiyatie jiki. Guanidini na jiki hutoa gesi ya sumu, na kwenye boksi onyo hilo limeandikwa kwa herufi za kutafutia miwani.