Kofia ya kunyoosha kichwa cha mtoto: yaliyonikuta mimi

Nimekaa na hasira hii muda mrefu, leo naitoa.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano hivi nilipoona kisogo kimebonyea upande wa kulia. Ukimtazama kwa juu unapomwogesha, sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto. Mama mkwe wangu, mtu wa Tukuyu, akasema tumkande kwa kitambaa cha maji ya moto. Roho yangu haikutulia. Nikapata muuzaji Dar anayeagiza zile kofia ngumu, akasema nimpime mtoto kwa futi ya fundi cherehani, nimtumie namba kwa WhatsApp. Nikamrushia hela yote. Mzigo ukaja na basi, nikaufuata stendi alfajiri na baridi yetu hii ya Mbeya, mtoto mgongoni.

Saa 23 kwa siku avae, ndivyo alivyoniagiza. Usiku wa tatu nikaivua nimfute jasho. Juu ya sikio palikuwa pekundu, ngozi imelainika inataka kuchubuka. Nikasubiri saa nzima, wekundu uko palepale. Nikampigia.

"Mama, watoto wote wanalia. Au unataka akue na kichwa cha hivyo?"

Akakata simu. Nililia hadi kukakucha, mtoto kifuani.

Kumbe kofia yenyewe haitakiwi kubana. Inagusa palipotokeza na kuacha nafasi palipobapa, kichwa kikikua kinajaza ile nafasi. Ndiyo maana hutengenezwa kwa umbo la kichwa cha mtoto husika na kurekebishwa kadiri anavyokua. Ya kwangu ilikuwa duara tupu, kama bakuli lenye sponji. Futi ya fundi itaonyeshaje kisogo kimebonyea wapi?

Hospitali, daktari alipapasa utosi na maungio ya mifupa, akasema hayajafunga mapema, nisiogope. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akashika kidevu, akakigeuza taratibu kushoto. Hakiendi! Shingo ilikuwa imekaza, ndiyo sababu mwanangu alilalia upande mmoja siku zote. Nikafundishwa kuinyoosha, kumlaza kwa tumbo akiwa macho nikimwangalia, na kumgeuza kitandani ili dirisha liwe upande anaoukwepa. Usingizini abaki chali. Huko Marekani walianza kushauri hivyo mwaka 1992, visogo bapa vikaongezeka lakini vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana.

Nilitaka kuandika kwamba kofia hizi ni utapeli mtupu. Uholanzi walifuatilia watoto 84, nusu wakavaa, nusu wakaachwa, na matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha kwamba wakiwa na miaka miwili hawakutofautiana. Lakini kuna dada namfahamu, mwanawe alitengenezewa Uingereza kwa vipimo halisi, na kichwa kimekaa vizuri. Siwezi kumwambia alitupa hela. Basi labda kofia haina kosa, kosa ni la muuzaji. Hapana, hata hilo linanichoma, maana hakuna aliyeniambia nianze na shingo, na wiki zile hazirudi.

Sasa anatambaa. Sikio karibu limelingana na mwenzake, kisogo bado kidogo. Hela sijarudishiwa. Juzi nimemtumia tena yule bwana picha ya ule wekundu. Tiki mbili za bluu, kimya.