Kishale cha kipanya: Amiga na Atari ST
Kompyuta hizi mbili zilitoka mwaka 1985 zikiwa na prosesa ileile, Motorola 68000, lakini kishale cha kipanya humpa mwandishi wa programu kazi mbili tofauti kabisa. Kwenye Amiga, kishale ni spraiti ya maunzi, yaani kipicha kidogo kinachoshughulikiwa na saketi zenyewe badala ya programu, yenye upana wa pikseli 16, na kwa kuwa saketi za video hukichanganya na picha wakati skrini inapochorwa, kukisogeza ni kubadili tu namba za mahali kilipo.

Atari ST haina spraiti. Kishale huchorwa ndani ya picha yenyewe, hivyo kila kinaposogea mfumo hurudisha kwanza pikseli zilizokuwa chini yake, huhifadhi zile za mahali papya, ndipo hukichora upya. Programu ikichora dirisha bila kukificha kwanza kwa graf_mouse (amri ya mfumo ya kuficha na kuonyesha kishale), kishale kikiondoka hurudisha kipande cha picha ya zamani, na doa hilo hubaki juu ya dirisha jipya; kosa hili huponyoka majaribio kirahisi, maana hutokea tu kishale kinapokuwa pale panapochorwa.

Amiga nayo ina usumbufu wake: anayeukwepa mfumo wa uendeshaji husoma mwenyewe JOY0DAT, rejista ya maunzi inayohesabu mwendo wa kipanya, ambayo vihesabu vyake vya biti 8 hurudi 0 baada ya 255, hivyo mwendo hupatikana kwa kuondoa hesabu ya awali kwenye hesabu mpya. Hata hivyo, hesabu hiyo ya kuondoa ni kazi nyepesi kuliko kulinda kila mchoro.