Bomba la grisi la zamani kwa gari la kizamani: bado halina mpinzani

Nimekuwa nikitumia bomba la grisi la mkono, lile la chuma lenye mpini wa kusukuma, pamoja na kopo la oili la kubonyeza kitako kwa kidole gumba, na kwa gari la kizamani sibadilishi kwa la umeme. Sababu ni mkono aisee. Ukisukuma mpini unasikia kabisa grisi inapita au nipeli, kile kichuchu cha kuingizia grisi, imeziba, la umeme linasukuma tu na mpira wa kuzuia vumbi unaweza kupasuka hujui.

Kwenye kingpini, ile pini ambayo tairi la mbele huzungukia ukikata kona, nyanyua gari kwanza tairi lining'inie, uzito ukitoka grisi inafika hata pale palipokuwa pamebanwa, halafu sukuma mpaka ile nyeusi ya zamani itoke na mpya ianze kuonekana, hapo acha. Na futa nipeli kabla, la sivyo unaingiza mchanga ndani mwenyewe.

Ubaya upo. Mabomba mengi ya zamani yana washa (pete ya kuzibia) ya ngozi ya mnyama kwenye pistoni, ikikauka bomba halivuti, iloweke kwenye oili italainika. Hewa nayo inakwama ndani ukijaza vibaya. Na usizibe mdomo wake kwa kidole, presha yake inaweza kupenyeza grisi ndani ya ngozi yako na hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Ila soma kitabu cha gari lako, kwa mfano Triumph Herald kule mbele trunioni, viungo vya chini vinavyoshika tairi, zinataka oili nzito ya gia, siyo grisi, watu wanaziua hivyo kila siku.